Ngazi za Mlango Mkubwa

Kanisa letu lina mlango mkubwa unaotazama ziwa, na zamani mlango huo ulikuwa na ngazi za mawe ambazo kila mgeni alizipiga picha. Kila jiwe lilikuwa na bonde katikati, refu kiasi na laini. Mvua ikinyesha, mabonde yale yalijaa maji, kuku wa katekista wakaja kunywa. Tangu mafundisho ya komunyo tuliambiwa kwamba zile ni nyayo za waumini: wazee wetu walivyoipenda Misa, walipanda na kushuka mpaka jiwe likalika. Mimi niliamini. Nilivuka miaka arobaini nikiwa bado naamini, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza ni miguu ya namna gani hiyo inayokula mawe magumu ya Usukumani ndani ya umri wa bibi kizee mmoja, tena ikala katikati tu na kuacha kingo zote salama.

Miaka ya tisini ndiyo iliyonirudisha kijijini. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Nyakato kilianza kutupunguza. Ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama nywele. Nikajaribu kuuza mitumba, lakini biashara ile inataka mtu mwenye subira, na mimi mteja akigeuza blauzi moja mara kumi halafu akairusha na kwenda zake, nilikuwa namwambia ninachokifikiria. Nikaona nitapigana na watu bure. Nikapanda basi mpaka Usagara, nikapakiwa kwenye baiskeli kuelekea ziwani, nikashukia kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyekuwa akiishi peke yake katika mji wa babu.

Shangazi alikuwa mrefu, mweusi tii, mkavu, na mguu wake ulikuwa bado unatembea kuliko wangu. Jumapili hakukosa kanisani hata siku moja. Ila hakuingia kwa mlango mkubwa. Alizunguka ukuta, akapitia mlango mdogo wa pembeni ambao mapadre hupitia wakitoka kuvaa, akakaa kwenye benchi fupi lililoegemea ukuta, kando kabisa ya altare. Misa ikiisha alitokea hukohuko. Inasemekana padre mmoja mzungu aliwahi kumkatalia, akamwambia mlango ule si wa watu wote. Shangazi hakubishana. Alikaa nje chini ya dirisha, jua na mvua, mpaka yule padre akahamishwa, kisha akarudi kwenye benchi lake. Watu walimwita mkaidi. Mimi nilidhani ni maringo tu ya kizee, na nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo, maana katika ukoo wetu nilizoea kuambiwa kwamba mkaidi ni mimi.

Mwaka wa pili tangu nirudi, kanisa lilianza kukarabatiwa. Mabati yalikuwa yameoza kiasi kwamba mvua ikinyesha tuligawana sehemu kavu kama kuku kwenye banda bovu. Biashara ya sangara ilikuwa imechangamka, malori yenye barafu yalifika mpaka mwaloni kwetu, mitumbwi inakotia nanga, na wavuvi waliopata walichangia mabati. Paroko wetu alikuwa kijana, mzaliwa wa Ukerewe, mtu wa kucheka haraka na kufikiri taratibu. Akaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyetufundisha karibu sote, na mimi nikaingizwa kwa sababu, alivyosema paroko mwenyewe, kamati inahitaji mtu mmoja wa kugombana na wauza saruji.

Paa likaisha salama. Zikabaki ngazi, ambazo zilikuwa zimetitia upande mmoja. Fundi aliyetoka Misungwi akasema zing'olewe zote, chini pamwagwe zege, halafu mawe yapangwe upya. Mwalimu alifurahi mno. Siku ya kubariki kanisa wangekuja wageni kutoka nchi ya padre wa kwanza, mzungu aliyelijenga, na alitaka ibandikwe ukutani shukrani kwa wazee walioleta mawe yale kwa imani. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kaburi lake lipo ubavuni mwa kanisa, limejengewa saruji, lina msalaba, na kila Novemba nililipaka chokaa.

Nikarudi nyumbani nimejaa fahari. Nikamkuta shangazi anamenya karanga ukumbini, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikampa habari nzima, ngazi, wageni, jina la baba yake kutajwa. Akaendelea kumenya. Kisha akasema:

"Wakiyang'oa mawe hayo, waambie mimi nataka la mama yangu."

"La mama yako lipi, shangazi?"

"Jiwe lake. Sijui waliliweka ngazi ya ngapi. Sijawahi kusogea karibu nikaangalia."

Sikuelewa, na uso wangu ulimwonyesha hivyo. Akaweka ungo chini.

"Ng'wanone," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma chetu, "wewe umekua na mashine. Unaenda na debe la mtama, unarudi na unga. Ulishawahi kupiga magoti ukasaga? Yale si nyayo. Nani anakanyaga jiwe likawa vile? Yale ni mawe ya kusagia. Kila moja lina mwenyewe."

Halafu akanisimulia, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi dukani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, yeye akiwa msichana mdogo wa kuchunga ndama. Kuta za kanisa zilikuwa zimesimama, na yule padre wa kwanza alitaka ngazi kabla askofu wake hajaja. Akamwambia mwanangwa, aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi, kwamba kila mji ulete jiwe moja bapa. Mwanangwa akalitangaza, na tangazo lake halikuwa ombi, maana asiyeleta alijua fimbo inakaa wapi. Sasa mawe kwetu ni vilima vizima, lakini jiwe bapa halijilalii tu njiani. Inabidi mwamba uuwashie moto wa kuni kutwa, uumwagie maji upasuke, uchonge, uburute. Na ulikuwa wakati wa kulima pamba. Wanaume wakatazamana. Sijui nani alianza. Mmoja aliingia jikoni kwake, akatoka na jiwe la mkewe, bapa, zuri, tayari limeshalainishwa na miaka, akalipeleka. Padre akalisifu. Wengine wakaona kumbe kazi ni nyepesi.

"Mama alikuwa ameenda ziwani kuteka maji," akasema shangazi. "Baba yako yuko mgongoni, hajaanza hata kukaa. Tumerudi, mtama umeshalowekwa, umeanikwa, uko tayari. Mahali pa jiwe pana shimo tu, udongo mbichi. Mama akamuuliza baba. Baba akasema, nimempa Mungu."

"Akasemaje bibi?"

"Angesema nini? Alichukua mtama, akaenda kuomba kusaga kwa jirani. Jirani naye hana, limeenda. Tukatembea. Mwanamke mwenye mji wake, na watoto wake, anasimama foleni kwa wenzake kama msichana aliyefukuzwa. Jiwe lile alichongewa na baba yake mwenyewe alipoolewa, kaka zake wakalibeba mpaka hapa. Baadaye baba alimtafutia lingine, lakini jiwe jipya halisagi, linajisaga lenyewe. Msimu mzima tulikula ugali wa mchanga. Mpaka leo nikitafuna nasikia."

Aliniambia siku ile ya kwanza ya ngazi mpya mama yake alifika chini ya ngazi, akaliona la kwake, lakini hakumwonyesha ni lipi, akasimama. Nyuma yake watu wanapanda. Akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia avue, akalikanyaga akaingia. Shangazi alikuwa ameshikwa mkono. Kabla ya kukanyaga ngazi ya kwanza akauchomoa ule mkono, akakimbia uwanjani. Tangu hapo hakupita.

"Mimi nimezeeka," akamaliza. "Naenda kwake wakati wowote. Sitaki kufika kwa mama nikamwambia jiwe lako nimeliacha chini ya viatu vya watu."

Nilikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. Nikaanza kuwatukana wazungu, mmoja baada ya mwingine, waliokuja kuabudu kwa migongo ya watu. Shangazi akaniacha nikachoka, akaokota ungo wake.

"Mzungu alitaka jiwe," akasema. "Na fimbo ilikuwa yake, hilo kweli. Lakini mzungu hakujua mama yangu anasagia wapi. Aliyejua ni baba."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukaa. Babu sikumjua ila kwa sifa. Nilikuwa nimejivunia kaburi lile tangu utotoni, na sasa nililiona ni la mtu aliyeingia jikoni mkewe akiwa hayupo. Niliumia, sitaficha. Ni rahisi kumchukia mtu wa mbali aliyevaa kanzu nyeupe, si mtu ambaye pua yake ndiyo pua yako.

Kwenye kamati nilisema yote. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, tukaketi, nikayamwaga. Mwalimu alivua miwani. Baba yake naye alikuwa kwenye orodha ya wale wa kushukuriwa.

"Binti yangu," akasema, "hayo mambo ya wakoloni tunayajua. Waliwanyanyasa wazee wetu. Tuseme hivyo, tusali, yaishe."

"Mwalimu, waliingia wenyewe jikoni kwetu?"

"Unataka nini sasa? Wageni waje waambiwe kwamba baba zetu waliwaibia wake zao?"

"Nataka jiwe la bibi yangu."

"Jiwe limeshawekwa wakfu! Ni mali ya kanisa. Utatoa jiwe, kesho mwingine atataka dirisha."

Tukapandishiana sauti. Fundi, aliyekuwa amekuja kuulizia mchanga, alirudi nyuma polepole mpaka akafika mlangoni. Paroko alikuwa akichezea kofia yake. Ndiye aliyewahi kuhubiri juu ya nyayo zile kwa uchungu mkubwa, nasi tukalia. Mwishowe akamgeukia fundi.

"Ukiyang'oa, usiyapange. Yaoshe, uyalaze hapo uwanjani. Na yasivunjike." Kisha akatuambia sisi: "Jumapili nitatangaza. Mwenye jiwe lake aje achukue. Kanisa haliwezi kusimama juu ya kitu ambacho mwenyewe bado anakidai. Mwalimu, unisamehe."

Mwalimu aliinuka. Alitoka bila kuaga, na mimi, ambaye huwa nashangilia nikishinda, siku ile sikuona cha kushangilia. Alinifundisha kusoma mtu yule.

Tangazo lilipotolewa, lilizuka tatizo ambalo hatukulifikiria. Mawe yamelala kwenye nyasi, yameoshwa, yanang'aa, na yote yanafanana. Wenyewe wameshakufa. Utajuaje la nani? Vijana walipendekeza kura. Wazee wa kike wakawacheka, wakasema waletewe mtama.

Basi wakaja, Jumamosi asubuhi, vikongwe wa vijiji vyote vya jirani, wengine wamepakiwa kwenye baiskeli, wengine wanashikwa mkono na wajukuu. Wakaja na mtama na uwele kwenye vitambaa. Na wengi wao, jambo ambalo mimi sikulitegemea kabisa, walikuja na jiwe dogo la juu, lile la kushika kwa mikono, ambalo kwetu huitwa mtoto. Wanaume walipochukua mawe makubwa waliyaacha yale madogo, maana padre hakuyahitaji. Na wake zao hawakuyatupa. Waliyaficha chini ya vihenge na nyuma ya mitungi, wakawaachia mabinti na wakwe, bila kusema ni ya nini. Shangazi la kwake alilitoa kwenye kapu la nguo zake za kuzikiwa.

Kazi ikawa kutafutia watoto mama zao. Mwanamke anapiga magoti, anamwaga punje kidogo, anaweka jiwe lake dogo na kusukuma. Lisipokuwa lake linagonga kingo, linayumba, punje zinaruka. Anasimama, anahamia jingine. Walikuwa wanataniana kwa Kisukuma, huyu mama yake alisaga kwa uvivu, bonde halina kina, huyu mama yake alikuwa na kifua. Mafundi waliacha kazi wakakaa kutazama. Paroko alikuwa amekunja mikono ya shati, anachotea watu maji. Mwalimu alikuja pia, akasimama mbali kwenye kivuli cha ukuta. Mama yake hakuwa na binti aliyebaki.

Shangazi alipita mawe mengi. Niliona anavyojisukuma kwa mikono kila akiinuka, nikataka kumsaidia, akanikata jicho. Nikaanza kuogopa kwamba halipo, kwamba lilipasuka zamani likatupwa, na moyoni nikawa natunga maneno ya kumfariji, mabovu yote. Ndipo akafika kwenye jiwe lililokuwa juu kabisa, la kizingitini, lililokanyagwa na kila aliyewahi kuingia. Akaweka mtoto. Akasukuma mara moja. Halikugonga popote. Likatoa ule mlio mzito wa kuburuta, shuu, likarudi, shuu, na unga mwekundu ukaanza kushuka mbele ya mikono yake.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, nikajiona mjinga. Yeye alisaga mpaka mtama wake ukaisha, akaomba sufuria, akapika uji palepale kwenye mafiga ya mafundi. Akautia kwenye vikombe. Cha kwanza akampelekea mwalimu pale kivulini.

"Shikamoo, dada," mwalimu akasema, akakipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba. Kunywa, una mchanga kidogo."

Akanywa wote. Kisha akaenda, akachuchumaa mbele ya yale mawe ambayo hayakupata mtu, akaanza kuyashika moja moja. Alikaa hapo mpaka tunaondoka.

Jiwe la bibi lilirudi nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Yaliyokosa wenyewe paroko aliyaegemeza kwenye ukuta wa nje, uso ukiangalia watu, na maneno ya shukrani hayakubandikwa. Wageni walipokuja waliambiwa ukweli, na mwalimu ndiye aliyewaambia, kwa Kiingereza chake cha shule, hakuruka kitu, wala fimbo ya mwanangwa wala jikoni kwa mama yake. Ngazi zikawa za zege tupu, za kijivu, mbaya kwa kweli. Hakuna aliyezipiga picha.

Asubuhi ya kubariki kanisa nilitoka na shangazi. Tulipofika uwanjani, miguu yake ikaanza kuzunguka ukuta kama kawaida. Nikamshika kiwiko. Akasimama, akazitazama ngazi zile mpya, akagusa ya kwanza kwa ncha ya kidole cha mguu kama mtu anayepima maji. Akapanda. Akafika mlangoni, akaingia hatua moja tu, akagota.

Mbele yetu, mwisho wa kanisa, juu ya altare, kuna msalaba mkubwa wa mbao uliokuwepo tangu mwanzo. Yesu wake ameinamisha kichwa, macho yamefumbuliwa nusu, anatazama moja kwa moja mlangoni.

"Kumbe ana uso," akasema shangazi.

"Shangazi, si umemwona miaka yote?"

"Kutoka kwenye benchi langu? Namwona sikio. Nikienda kupokea nimeinama, nikimaliza natoka." Akasogeza kanga nyuma ya kichwa. "Sikio tu, ng'wanone. Tangu utoto."

Nyuma yetu watu walianza kujazana kwenye ngazi, kwaya imeshaanza, wageni wanangoja, mtu akanigusa bega kwamba tunaziba njia. Shangazi alikuwa bado anatazama. Nikageuka, nikawaambia wasubiri.